Fikiria mapafu kabla ya kupaka nyumba rangi ya Krismasi

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Huenda ndiyo sababu kila ifikapo Desemba, maduka ya vifaa vya ujenzi mijini hujaa watu wanaobeba mikebe ya rangi, brashi na rola, kila mmoja akitaka wageni wa Krismasi waikute nyumba yake iking'ara.

Pengine wewe ni mmoja wao. Umeutazama ukuta wa sebuleni na kuona alama za vidole vya watoto, weusi wa moshi upande wa jikoni na lile doa la maji karibu na dari. Umepiga hesabu na kuona kuwa zitabaki pesa za kununua rangi na kumlipa fundi kwa siku mbili.

Swali ambalo wengi hujiuliza ni rangi gani itapendeza. Swali ambalo wachache hujiuliza, na ambalo ndilo muhimu kwa afya ya familia, ni kama nyumba yenyewe inafaa kupakwa wakati huu.

Hebu tuseme ni usiku wa Desemba 23. Fundi, ambaye alichelewa kwa kuwa ana kazi katika nyumba nyingine nne, amemaliza saa kumi na mbili jioni. Nje mvua inanyesha. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, mbu na wezi. Ndugu yako amewasili na watoto wake, na kama ilivyo desturi, watoto wote wametandikiwa magodoro sebuleni, futi chache tu kutoka kwa ukuta ambao bado unanata ukiugusa.

Saa nane za usiku mmoja wao, ambaye huugua pumu, anaanza kukohoa. Kifua kinatoa sauti kama ya filimbi. Dawa yake ya kuvuta ilisahauliwa nyumbani kwao. Matatu hazipo saa hizo, na zahanati ya mtaani imefungwa.

Hakuna aliyemtakia mtoto huyo mabaya. Kosa si la rangi peke yake. Kosa ni kuiachia kalenda iamue jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa na hali ya ukuta, hali ya anga na afya ya wale watakaolala humo.

KILICHO NDANI YA MKEBE

Rangi nyingi za nyumbani ni za aina mbili. Kuna rangi ya maji, ambayo hupakwa kwenye kuta na dari, na kuna rangi ya mafuta, ambayo hung'aa na hupendwa kwa milango, madirisha, na kwa zile kuta za jikoni na ukumbini ambazo huchafuka upesi.

Rangi ya mafuta huchanganywa na tapentaini au thina ili iwe nyepesi. Inapokauka, kemikali hizo haziishi ukutani. Hugeuka kuwa mvuke na kuingia katika hewa unayovuta. Ndiyo maana harufu yake ni kali, na ndiyo maana mtu aliyeshinda katika chumba kilichofungwa hulalamika kuwa kichwa kinamuuma, macho yanamwasha, koo linamkereketa na anahisi kizunguzungu au kichefuchefu.

Rangi ya maji ina kemikali chache zaidi za aina hiyo, ingawa si kweli kuwa haina kabisa. Hukauka haraka pia. Kwa kawaida unaweza kupaka mkono wa pili baada ya saa chache, ilhali rangi ya mafuta huhitaji kusubiri hadi siku inayofuata.

Kwa mtu mzima aliye na afya njema, usumbufu huo hupungua akitoka nje na kupata hewa safi. Lakini kuna watu ambao hawafai kabisa kulala karibu na rangi mbichi. Hao ni watoto wachanga, akina mama wajawazito, wazee wenye matatizo ya kifua, na yeyote anayeugua pumu. Kwa mgonjwa wa pumu, mvuke huo unaweza kuifanya mirija ya kupumulia ibane ghafla.

Kwa hivyo kabla ya kumwita fundi, hesabu watu watakaolala nyumbani mwako Krismasi. Usihesabu wa kwako peke yao, hesabu na wageni. Uliza mapema kama kuna mmoja wao anayeugua pumu.

MVUA ZA VULI

Jambo la pili ni hali ya anga. Jijini Nairobi na katika sehemu nyingi za nchi, mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Huu ndio msimu ambao hewa imejaa unyevu, na rangi huchelewa kukauka wakati wa unyevu. Mbaya zaidi, huu ndio msimu ambao watu hufunga madirisha.

Linganisha hali hiyo na Januari na Februari, ambapo jua huwaka na hewa huwa kavu. Madirisha hukaa wazi mchana kutwa. Wageni wamekwenda zao, na watoto wanashinda shuleni. Kwa upande wa afya, huo ndio wakati unaofaa zaidi kupaka rangi ndani ya nyumba.

Najua utasema Januari ni mwezi wa karo, sare na vitabu, na kuwa pesa za rangi hazitakuwepo. Ni kweli. Lakini swali hilo lina upande wa pili. Ikiwa pesa hizo zinahitajika kwa karo, je, zilikuwa za rangi kweli?

UKUTA UNAOLIA

Tazama sasa lile doa karibu na dari. Ligusa. Je, kuna unyevu? Je, rangi imefura kama malengelenge au inabanduka? Je, kwenye pembe, nyuma ya kabati au chini ya dirisha la bafu kuna madoa meusi au ya kijani?

Madoa hayo ni kuvu. Kuvu huota mahali penye unyevu na hutoa chembechembe ndogo sana zinazoelea hewani. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo wamo katika hatari zaidi ya kupata pumu, kikohozi na maambukizi ya njia ya kupumua.

Wengi hudhani kuwa rangi mpya ndiyo dawa ya kuvu. Sivyo. Rangi huificha kwa muda, kisha hujitokeza tena na kubandua rangi yenyewe. Utakuwa umetumia pesa mara mbili, na mtoto ataendelea kukohoa akidhaniwa ana homa isiyoisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maji yanatoka wapi? Pengine ni bati lililotoboka, mfereji wa paa ulioziba, bomba linalovuja ndani ya ukuta, au bafu la jirani wa ghorofa ya juu. Rekebisha hilo kwanza. Kisha osha kuvu kwa maji ya sabuni na kitambaa, ukijifunika pua na mdomo, na uache ukuta ukauke kabisa. Ukuta uliolowa maji hauwezi kukauka kwa siku mbili, na mara nyingi huchukua wiki kadhaa. Plasta mpya nayo huhitaji takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi.

Ikiwa wewe ni mpangaji, hilo si jukumu lako peke yako. Mwandikie mwenye nyumba barua, taja tarehe, na ubaki na nakala. Mpangaji anayepaka rangi juu ya ukuta unaovuja anamsaidia mwenye nyumba kuficha tatizo.

Ukiukuta ukuta una unyevu mwezi huu wa Desemba, jibu lako ni moja. Usipake.

RANGI KUUKUU NA MADINI YA RISASI

Kuna hatari nyingine isiyo na harufu. Kwa miaka mingi, viwanda duniani vilitia madini ya risasi ndani ya rangi, hasa rangi za mafuta zenye kuwaka kama manjano, nyekundu na kijani. Madini hayo ndiyo yale yaliyomo katika betri za magari. Yaliifanya rangi iwe imara na ikauke haraka.

Hatari yake kwa watoto ilijulikana zamani. Mwaka 1904 daktari mmoja katika jimbo la Queensland, Australia, aliandika kuhusu watoto waliougua kutokana na rangi ya veranda za nyumba zao. Hata hivyo, Marekani haikuipiga marufuku katika nyumba za watu hadi 1978.

Hapa Kenya, madhara ya risasi si hadithi. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa walidhurika kwa risasi iliyotoka, si kwa rangi, bali kwa kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Kwa rangi, viwango vya Kenya sasa haviruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja. Lakini viwango hivyo haviwezi kuifuta rangi ambayo tayari iko kwenye mlango wako tangu miaka ya themanini.

Rangi hiyo kuukuu ikiwa imara na imeshika vizuri, haina madhara makubwa. Hatari huanza fundi anapochukua msasa na kuikwangua ikiwa kavu. Vumbi hutanda sakafuni, kwenye makochi, kwenye vyombo na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Mtoto huweka vidole mdomoni.

Wataalamu wa WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Hupunguza akili, humfanya ashindwe kutulia na kusoma, na humpunguzia damu. Kwa mama mjamzito, humfikia mtoto tumboni. Uharibifu wa ubongo hauponi, na mara nyingi mzazi haoni dalili yoyote hadi mtoto anapoanza kulemewa na masomo.

Kwa hivyo, ikiwa nyumba yako ni ya zamani, usimruhusu fundi akwangue rangi ikiwa kavu wala aichome kwa moto. Aloweshe ukuta kwanza na atumie msasa wa maji. Toa makochi, mapazia na vyombo, au uvifunike kwa karatasi za plastiki. Baada ya kazi usifagie. Panguza kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mara mbili. Watoto na mama mjamzito wasiwepo hadi usafi uishe.

Unaponunua rangi mpya, soma lebo, tafuta maelezo kuwa haina risasi, na uangalie alama ya ubora ya shirika la KEBS. Epuka rangi iliyomiminwa kwenye mkebe usio na jina, hata ikiwa bei ni nafuu.

WANAOISHI CHUMBA KIMOJA

Mawaidha mengi kuhusu rangi huandikwa kana kwamba kila mtu ana chumba cha ziada cha kuhamia. Lakini huenda wewe unaishi katika chumba kimoja, ambamo mnapika, mnakula na kulala, na dirisha ni moja.

Kwako uamuzi ni mgumu zaidi, lakini unawezekana. Tumia rangi ya maji peke yake. Paka asubuhi ya siku yenye jua. Panga mapema watoto walale kwa jamaa au jirani angalau usiku mbili au tatu. Ikiwa hamna pa kulala, basi usipake.

Kuna jambo moja ambalo limeua watu. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha rangi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Anayeivuta husinzia na huenda asiamke. Isitoshe, mvuke wa thina huwaka upesi sana. Jiko, stovu ya mafuta ya taa, mshumaa au sigara vinaweza kuulipua. Siku ya kupaka rangi ya mafuta, pikia nje au ununue chakula.

IMANI ZISIZOSAIDIA

Utasikia mtu akisema kuwa fundi anywe maziwa ili yaondoe sumu ya rangi. Maziwa huenda tumboni, na mvuke umo mapafuni. Mpe maziwa kama ukarimu, lakini mfungulie dirisha kama dawa.

Wengine hukata vitunguu na kuviweka pembeni, au hutandaza ndoo za maji ili yavute harufu. Hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Kitambaa alichojifunga fundi puani huzuia vumbi kidogo, wala hakizuii mvuke wa thina.

Kumbuka pia kuwa fundi ni mtu. Tangu mwaka 1989, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiorodhesha kazi ya kupaka rangi miongoni mwa zile zinazosababisha saratani. Yeye huvuta mvuke huo mwaka mzima. Usimfungie ndani, usimharakishe, mpe nafasi ya kutoka nje kupumzika, na usimwache asimame juu ya kiti kilichopandishwa juu ya meza. Akimaliza, rangi ya mafuta mikononi hutoka kwa mafuta ya kupikia na sabuni, bila kunawa kwa thina.

Thina inayobaki usiiweke kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu inaweza kuingia mapafuni ikipanda. Mkimbize hospitalini ukibeba chupa hiyo.

HESABU SIKU KURUDI NYUMA

Sasa unaweza kuamua. Chukua kalenda, uweke kidole kwenye siku ambayo mgeni wa kwanza atalala kwako, kisha uhesabu kurudi nyuma.

Baada ya mkono wa mwisho wa rangi ya maji, iache nyumba ipitishe hewa siku mbili au tatu, madirisha yakiwa wazi, kabla ya watoto na wagonjwa kulala humo. Kwa rangi ya mafuta ongeza siku, na ungoje hadi harufu iishe. Weka siku mbili za kupaka, na siku moja au mbili za kuosha na kuziba nyufa. Ongeza siku moja ya mvua na moja ya fundi kutofika, kwa kuwa zote mbili ni lazima zitatokea.

Utaona kuwa ili mgeni alale kwako Desemba 23, kazi yapaswa kuanza kabla ya katikati ya mwezi. Ikiwa tarehe hiyo imepita, umechelewa. Usijaribu kuifukuza.

Je, na ikiwa mnasafiri mashambani? Wengi huona hiyo ndiyo nafasi nzuri, wapake leo na wafunge mlango kesho. Lakini nyumba iliyofungwa haipumui. Mvuke hubaki ndani, ukuta huchelewa kukauka, na mtarudi usiku wa kuamkia siku ya shule mkiwa na watoto waliochoka. Kama hakuna mtu mwaminifu wa kufungua madirisha kila siku, maliza kazi siku tatu kabla ya safari au uiahirishe.

UKIAMUA KUNGOJA

Kutopaka si kushindwa. Ndoo ya maji vuguvugu, sabuni na kitambaa laini vitaondoa sehemu kubwa ya uchafu ulioudhania kuwa uchakavu. Anzia chini ya ukuta ukipanda juu, ili maji machafu yasiache michirizi. Osha mapazia, safisha vioo vya madirisha, toa vumbi kwenye balbu. Jikoni, futa mafuta yaliyoganda. Nyumba itang'aa kuliko ulivyotarajia, na hakuna atakayekohoa.

Ukitaka lazima pawe na kitu kipya, paka mlango wa mbele kwa upande wa nje, siku ya jua.

Kama tayari umepaka na mtu ameanza kubanwa na kifua, mtoe nje mara moja, mketishe wima, na umpe dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa na daktari. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikivutika ndani kila anapopumua, au midomo ikigeuka rangi, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitalini.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Ndugu anayesafiri usiku kucha kuja kwako hatakumbuka mwakani ukuta wako ulikuwa wa rangi gani. Atakumbuka kama watoto wake walilala vizuri.